Ahadi ni deni: Kisangani na malengo ya dunia, tangu 1960 mpaka 2030



Katika mkutano wetu uliopita sekretere alitusomea barua ya wafadhili. Ilisema kwamba misaada inapungua, kwamba mwaka 2030 unakaribia, na kwamba dunia bado inashikilia Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 ambayo ofisi zote za hapa kwetu zinayaita ODD. Mama mmoja wa Mangobo akainua mkono, akauliza: «Hayo malengo yasipofika, ni nani tutamuuliza?» Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mwenyekiti akasema swali lile litajibiwa katika gazeti letu. Njo kazi niliyopewa.

Nimeona kwamba jibu haliwezi kutoka katika habari za leo peke yake. Inabidi kurudi nyuma, maana mji huu umepokea ahadi za dunia kwa zaidi ya miaka 60, na ahadi hizo hazikwenda njia moja. Nyingi zilipotelea njiani. Chache zilifika mpaka mlangoni. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na walisema kweli. Lakini kila mwenye duka la Marché central anajua deni lina masharti yake: lazima kuwe jina la anayedai, jina la anayedaiwa, kiasi, na siku ya kulipa. Ahadi ya dunia ikiwa na hayo manne, hata ikichelewa, inaweza kufika. Ikiyakosa, inabaki hotuba.

Dunia inafika mara ya kwanza

Tarehe 12 Julai 1960, siku 12 tu baada ya uhuru, Rais Kasavubu na Waziri wa Kwanza Lumumba waliomba ONU msaada wa kijeshi, juu askari wa Ubelgiji walikuwa wameingia nchini bila kualikwa. Lumumba alikuwa mtu wa huku: alikuwa karani wa posta hapa, wakati mji unaitwa Stanleyville, na chama chake kilikuwa na nguvu sana katika mkoa wetu. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Julai, Baraza la Usalama lilikubali. Njo kukazaliwa ile kazi kubwa iliyoitwa ONUC. Wakati wa nguvu zake ilikuwa na askari karibu 20,000.

Wengi tunakumbuka ile ya bunduki tu. ONUC ilikuwa pia na waganga, walimu na mainjinia. Kongo ilipata uhuru bila daktari hata mmoja mzaliwa wa nchi. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga, watu wa kazi nzuri, lakini wakati wa ukoloni hawakuruhusiwa kufika juu. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, liliwachukua baadhi yao, likawapeleka Ufaransa kumaliza masomo, nao wakarudi wakiwa madaktari kamili. Tuangalie vizuri namna ya msaada ule. Haukuwa ahadi ya «kuboresha afya». Ulikuwa orodha ya watu: fulani na fulani wanakwenda, watasoma miaka kadhaa, watarudi kazini. Ingewezekana kuuliza kila jina limefika wapi.

Upande wa siasa haukuwa na orodha kama ile. Lumumba, aliyeita ONU, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 na ONU iko nchini. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld naye alikufa Septemba mwaka ule, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kutafuta amani ya Katanga. ONUC ilifunga mizigo tarehe 30 Juni 1964. Mwanzo wa Agosti Wasimba walikuwa wameshika Stanleyville. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliruka juu ya mji huu kwa parashuti kutoka ndege za Marekani. Kwa hiyo mzee wa Kisangani akisikia kwamba dunia inakuja kutusaidia, anaangalia kwanza kama wameshika sindano ao bunduki. Tusimcheke. Amevishuhudia vyote viwili.

Ahadi mbili, mwisho mbili

Wakati huo wa vurugu yetu, huko New York mataifa yalianza desturi ya kuwekea dunia malengo. Tarehe 19 Desemba 1961 Mkutano Mkuu wa ONU ulitangaza miaka ya 1960 kuwa Muongo wa Maendeleo, na lengo la uchumi wa nchi maskini kukua asilimia 5 kwa mwaka. Oktoba 1970 ukaja Muongo wa pili, na ndani yake ahadi inayotajwa mpaka leo: nchi tajiri zitoe msaada wa asilimia 0.7 ya pato lao. Zaidi ya miaka 50 imepita. Nchi zilizofika na kubaki pale ni za kuhesabu kwa vidole, kama Norwe, Uswidi, Denmark na Luxembourg. Nyingine hazikufika, na hakuna aliyewaita mbele ya hakimu. Mwaka 2015 asilimia ile ile ikaandikwa tena katika malengo mapya, kama kotizasio ya mwanachama asiyelipa ambayo kila mwaka tunaihamishia kaye mpya.

Muongo ule ule kulikuwa na ahadi nyingine, na hiyo ilitimia. Ni ya ndui. Mwaka 1967 OMS ilianza kampeni kali ya kuumaliza ugonjwa huo duniani kote. Marekani na Umoja wa Kisovieti, waliokuwa maadui kila fasi, katika kazi hiyo walishirikiana. Nchi yetu, pamoja na misitu yake, mito yake na barabara zilizoharibiwa na uasi, ilionekana kuwa moja ya fasi ngumu kabisa. Lakini mwaka 1971 ndui ilikuwa imekwisha Zaïre. Tarehe 8 Mei 1980 OMS ikatangaza imekwisha duniani.

Ilitimia kwa nini? Chanjo ilikuwa nzuri, ni kweli, na sindano yenye ncha mbili ilikuwa rahisi kutumia. Lakini chanjo ya ndui ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 150. Kilichobadilika ni namna ya kufuata ugonjwa. Watu wa kampeni waliacha kuhesabu sindano tu, wakaanza kutafuta wagonjwa mmoja mmoja: kijiji gani, nyumba gani, nani alikaa karibu naye, nani hajachanjwa bado. Kila mgonjwa aliandikwa. Kazi haikwisha mpaka jina la mwisho limefungwa. Uangalizi huo huo uliokuwa unatafuta ndui ndiyo uliowawezesha waganga kugundua, mwaka 1970 huko Basankusu, mgonjwa wa kwanza wa mpox anayejulikana kati ya binadamu.

Hapo tunaona tofauti. Asilimia 0.7 ilikuwa ahadi ya wote, kwa hiyo hakuna aliyeibeba. Ndui ilikuwa ahadi ya wote pia, lakini iligawanywa mpaka ikafika kwenye mlango wa nyumba fulani, katika kijiji fulani.

Juni na Septemba 2000

Sasa tufike kwa mwaka ambao kila mmoja wetu anao mwilini. Majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyoingia Kongo pamoja mwaka 1998, yaligombana hapa Kisangani mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, na ile kubwa ya Juni 2000. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni bombe zilianguka juu ya Tshopo, Makiso, Mangobo na kartie nyingine, askari wakigombania daraja la Tshopo na njia za kuingia mjini. Hakuna upande mmoja kati ya hizo mbili uliokuwa wa kwetu. Hakukuwa umeme wala maji ya bomba. Watu walilala chini ya vitanda, wakaziba madirisha kwa magodoro, na waliopata upenyo wakakimbilia porini. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya miili na kuizika.

Ripoti ya ujumbe wa mashirika ya ONU uliokuja baadaye ilitoa hesabu hii: raia zaidi ya 760 waliuawa, karibu 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, masomo 69 yalipigwa bombe, na watu 65,000 walikimbilia misitu. Kanisa kuu na hospitali pia ziliumizwa. Wenyeji wanasema waliokufa walikuwa wengi kuliko hapo, na kila anayekumbuka makaburi ya haraka katika viwanja vya nyumba anajua sababu.

Tarehe 16 Juni, siku sita tu baada ya mizinga kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Liliamuru majeshi yale yatoke Kisangani. Tena lilisema wazi kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia ya vifo na mali kwa raia wa Kisangani, na likamwomba Katibu Mkuu alete hesabu ya hasara iwe msingi wa fidia hiyo. Mji wetu kwa jina lake, wadaiwa kwa majina yao. Ilikosa kiasi, ikakosa siku ya kulipa, ikakosa anayekusanya.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 mpaka 8 Septemba 2000, viongozi wa dunia walikutana New York katika mkutano wa Milenia. Nchi 189 ziliahidi, na kutoka hapo yakaja Malengo manane ya Milenia: mpaka 2015 umaskini mkubwa na njaa vipunguzwe kwa nusu, kila mtoto amalize masomo ya msingi, vifo vya watoto wadogo vipungue kwa theluthi mbili, na mengine. Wiki ile ile ambayo azimio la Milenia lilisomwa, kulikuwa na watoto wa Kisangani waliosubiri paa la darasa lililotobolewa na bombe Juni. Mto ulikuwa umekatwa na mstari wa vita, bateau ya Kinshasa haifiki, chumvi na sabuni bei yake ilikuwa ya ndege. Mji ulikuwa chini ya waasi. Mei 2002 tungeona mauaji mengine tena.

Sikumbushi haya ili kudharau Malengo ya Milenia. Katika nchi nyingi yalisaidia: vyandarua viligawanywa, dawa za Ukimwi zilishuka bei, watoto wengi zaidi waliingia darasani. Lakini Kongo ilifika 2015 ikiwa kati ya nchi zilizobaki nyuma kabisa. Malengo yale hayakuwa na neno moja juu ya vita. Yalihesabu nchi kama vile zote zilianza mbio kwenye mstari mmoja, na hapa kwetu mstari ulikuwa umelipuliwa.

Nani aliitwa La Haye, nani hakuitwa

Wakati Malengo ya Milenia yanaendelea na ripoti zake, ahadi ile ndogo ya Juni 2000 ilikuwa inatembea njia nyingine, polepole sana. Juni 1999 Kongo ilikuwa imeshitaki Uganda na Rwanda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana katika mikutano yetu watu wengi wanauliza juu gani Uganda inalipa na Rwanda hailipi, wakati bombe za wote wawili zilianguka juu ya paa moja.

Ile Mahakama haiwezi kuita nchi ambayo haikukubali kuitwa. Uganda ilikuwa imetangaza tangu 1963 kwamba inakubali mamlaka ya Mahakama. Rwanda haikufanya hivyo. Kongo iliondoa kesi ya kwanza dhidi ya Rwanda mwaka 2001, ikaleta nyingine 2002, na tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza. Haikusema Rwanda haina hatia. Ilisema mlango umefungwa. Kesi ya Uganda, yenyewe, ilifika mwisho: tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na lazima ilipe fidia.

Mazungumzo ya kiasi hayakuzaa kitu. Kongo ikarudi mbele ya Mahakama mwaka 2015, na mwishoni ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ikatoka: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni za watu walioumia na waliokufa, milioni 40 ni za mali, na milioni 60 ni za utajiri wa nchi ulioporwa. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65, kila tarehe 1 Septemba tangu 2022 mpaka 2026. Na juu ya Kisangani Mahakama ilisema Uganda inalipa sehemu ya madhara yaliyoletwa na askari wake yenyewe. Sehemu ya jeshi la pili bado haina mlipaji.

Juu gani dola bilioni 11 ziligeuka milioni 325? Mahakama ilieleza. Vielelezo vilivyoletwa havikutosha kuonyesha idadi ya waliokufa, hata kwa kukadiria. Fomu za waathirika hazikuwa na ushahidi wa kuzisimamisha. Mwishoni Mahakama ilikubali vifo kati ya 10,000 na 15,000 kwa eneo lote la kesi, ikaweka kiasi cha jumla. Ripoti ya ONU ya 2010 iliyokusanya matukio ya uhalifu kati ya 1993 na 2003 njo ilisaidia sana, juu watu wake walikuwa wamezunguka nchi, wakaandika tukio kwa tukio, tarehe na fasi. Watu hao walituokoa kidogo. Sehemu nyingine ilipotea. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata marehemu bila daftari wanapotea bila habari.

Uganda ililipa fungu la kwanza Septemba 2022, miaka 22 baada ya bombe. Leta iliunda mfuko maalum wa kugawa fedha hiyo, FRIVAO, na makao yake yako hapa hapa Kisangani. Ni safari ndefu, ni fedha kidogo, na ugomvi wa nani yuko kwenye orodha umegawa familia. Pamoja na hayo yote, tukubali jambo moja: kati ya ahadi zote ambazo dunia ilitoa kwa mji huu mwaka 2000, hiyo peke yake ilivuka mpaka, ikaingia kwenye akaunti, na tunaweza kuuliza imefika wapi.

Malengo 17 yanaelekea wapi

Tarehe 25 Septemba 2015 nchi 193 zilikubali Malengo ya Maendeleo Endelevu: malengo 17, na ndani yake shabaha 169, mpaka 2030. Haya yalijifunza kitu. Lengo la 16 linataja amani na haki, maneno ambayo Milenia iliyaacha. Lakini ripoti ya ONU ya 2025 inasema asilimia 35 tu ya shabaha zinaenda vizuri ao zinasogea kwa kiasi. Karibu nusu zinajikokota, na asilimia 18 zimerudi nyuma.

Na fedha inaondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilifungwa. Kwa Kongo ilikuwa pigo, maana Marekani peke yake ilikuwa inatoa zaidi ya nusu ya msaada wa kibinadamu uliofika nchini. Siku zile zile nchi zilikutana Sevilla, Hispania, kutafuta fedha za malengo. Zikasema kuna pengo la dola trilioni nne kwa mwaka. Marekani ilikuwa imejitoa katika mazungumzo. Makubaliano ya Sevilla yana maneno mazuri juu ya madeni na kodi. Tena hayana mdaiwa.

Kwa hiyo jibu la mama wa Mangobo, kwa sasa, ni hili: mama, hakuna wa kuuliza. Kila nchi inajiandikia ripoti yenyewe, inaisoma yenyewe, inapigiwa makofi. Lengo lisipofika, tarehe inasogezwa na jina linabadilishwa. Baada ya 2030 kutakuja malengo mengine, hilo lina hakika, na mazungumzo yake yatafanyika mbali na mto wetu. Wafadhili wetu wengine watakuwa karibu na meza hizo kuliko sisi. Tunawaomba wabebe ujumbe wa Kisangani, ni mfupi: malengo yajayo yapungue, lakini kila moja liwe na anayedaiwa, kiasi, tarehe, na fasi ya kwenda kushitaki. Na nchi inayotaka sifa ya ushirikiano ikubali kwanza kuitwa mbele ya hakimu. Tumeona kwa macho yetu tofauti ya nchi iliyokubali na nchi isiyokubali. Tofauti hiyo iko katika kartie zetu.

Kaye yetu

Najua mwanachama mmoja atasema: sisi ni watu wa toleka na mihogo, New York inatuhusu nini? Swali ni zuri. Kuna shabaha moja kati ya zile 169 ambayo inatuhusu kuliko nyingine zote, na sisi wenyewe tunaweza kuisukuma. Ni shabaha ya 16.9: mpaka 2030 kila mtu awe na utambulisho wa kisheria, kuanzia cheti cha kuzaliwa. Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Watoto wengi wa Tshopo hawana cheti. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kuandikisha mtoto kwa état civil bila kulipa. Baada ya hapo inakuwa safari ya tribinali, ya avoka, ya fedha ambayo mama hana.

Sisi tuliorudi tunajua bei ya kutoandikwa. Mwingine alirudi kutoka porini akakuta nyumba imeungua na karatasi zote ndani. Mwingine alirudi kutoka Uganda ao Kongo-Brazzaville, akakuta jina lake kwenye komini halipo tena. Ulipofika wakati wa fidia, tuliulizwa cheti cha kifo cha mtu tuliyemzika usiku, bila padiri, bila karani. Nani alikuwa na cheti?

Na jambo hilo halijaisha. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umetupa familia nyingi nje ya vijiji vya upande wa Lubunga na Ubundu. Wengi walivuka mto wakaja kulala huku kwetu. Baadhi wameanza kurudi, wengine bado. Nani anaandika nyumba zao zilizochomwa? Nani anaandika waliokufa? Siku moja, pengine miaka 22 tena, mtu atakaa kwenye meza, hapa ao La Haye, ao mahali ambapo hapajajengwa bado, na ataomba vielelezo. Tusiwaache wale wenzetu wafike mikono mitupu kama sisi tulivyofika.

Kwa hiyo komite imekubali mambo matatu, na kila mwanachama anaombwa kusaidia.

Kwanza, kaye ya waliorudi. Kila familia ya chama itaandika jina kamili, fasi iliyotoka, mwaka na mwezi, nani alikufa, nini kilipotea, na majina ya mashahidi wawili walio hai. Mashahidi ni jambo la haraka, maana wazee wa 2000 wanatuacha kila mwaka. Kaye zitakuwa tatu, zikae fasi tatu tofauti, maana moja ikiungua hatutaki kuanza upya.

Pili, watoto. Mama yeyote wa chama akizaa, kabla ya siku 90 mtu wa komite atamsindikiza kwa état civil ya komini. Mchango wa kila mwezi utalipa toleka ya kwenda na kurudi. Hiyo ni kazi ndogo, haiombi mfadhili.

Tatu, wageni wa Lubunga. Tutawafundisha namna ya kuandika kaye yao, waishike wenyewe, kwa lugha yao. Hatuingii katika ugomvi wa nani alianza. Tunaandika hasara ya pande zote mbili kwa kalamu moja.

Na ninyi wafadhili wapendwa, tunajua mwaka ni mgumu. Mkiweza kutoa kidogo, tuandikieni mtatoa kiasi gani na lini, nasi tutaandika kimefika kwa nani. Mkishindwa, tuandikieni pia. Barua inayosema «hatuwezi mwaka huu» tunaipokea kwa heshima kuliko ahadi isiyo na tarehe.

Mama wa Mangobo, natumaini utasoma haya, ao mjukuu wako atakusomea. Uliuliza tutamuuliza nani. Malengo ya 2030 hayakutupa jina la mtu wa kuuliza. Tutaendelea kulidai. Siku ile jina litakapopatikana, majina yetu yawe tayari yameandikwa, moja baada ya lingine, na tarehe zake.

Kazi ya kaye inaanza katika mkutano ujao. Kila mmoja aje na kalamu, na aje na mzee mmoja anayekumbuka.